ALAMU IKILIA, ITAFUTWE SABABU

(Hotuba iliyosomwa na fundi wa mitambo ya hospitali mbele ya wanachama wa tawi la Kabuchai, mkutanoni Chwele. Tumeichapa yote pamoja na maswali, kwa kuwa wanachama wengi wa hospitalini walikuwa zamuni.)



Kamati imeniagiza niseme nanyi habari ya mtambo wa kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi habari ya alamu yake ya mchanganyiko wa maji. Pengine mwanachama wa kiwanda cha sukari au wa shule atauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi?" Latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, ndugu zetu wa Chwele, Nalondo, Luuya na Mukuyuni wenye ugonjwa huu hupanda matatu kwenda Bungoma, Kitale au hata Eldoret, wengi wao mara mbili kila juma, wakalala ubavuni mwa mtambo huo muda wa saa nne. Pili, wanaouendesha ni wafanyakazi kama sisi: wauguzi, mafundi, wachanganyaji wa dawa, watu wa pampu na wafagiaji. Mambo yakiharibika, mmoja wetu huumia kitandani, na mwingine huitwa ofisini kujieleza.

Neno langu la leo ni moja, nalitaja mapema lisije likapotea katika habari za mipira na mitungi. Alamu ikilia, itafutwe sababu, isinyamazishwe tu. Na mfanyakazi anayesimamisha kazi ili aitafute sababu hiyo asiadhibiwe.

KAZI YA MTAMBO

Figo zetu mbili huchuja damu mchana na usiku, zikatoa taka na maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Zikifa, taka hubaki mwilini, maji hujaa miguuni na mapafuni, na potasiamu, ambayo ni moja katika chumvi za damu, huzidi hata moyo ukaweza kusimama.

Mtambo wa kwanza uliofaa kufanya kazi hiyo badala ya figo ulitengenezwa na Daktari Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa vita. Alitwaa selofeni nyembamba ya namna ile ya kufungia soseji, akaizungusha juu ya pipa, na pipa likazunguka ndani ya beseni kubwa la maji ya chumvi. Mafundi wa kiwanda cha vyombo vya enameli walimsaidia kuuunda. Basi tangu mwanzo kazi hii ni ya daktari na mfanyakazi wa kiwanda pamoja.

Siku hizi damu hutoka kwa mpira, ikapita ndani ya figo ya bandia. Hii ni kopo la plastiki lenye maelfu ya mirija myembamba kama unywele. Damu hupita ndani ya mirija, na maji yaliyochanganywa na chumvi hupita nje yake, kila moja likienda upande wake. Ukuta wa mirija una matundu madogo mno, na kupitia humo taka hutoka kwenye damu zikaingia majini.

Lakini ndugu zangu, matundu hayo hayajui adui wala rafiki. Kitu kilicho kingi upande mmoja huelekea upande ambao ni kichache. Taka hutoka kwa sheria hiyo, na kwa sheria hiyo hiyo kosa lililo majini huingia ndani ya damu.

Tufanye hesabu. Maji hayo kwa kawaida hupita kiasi cha mililita 500 kila dakika. Kwa saa nne ni lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20. Mtu mzima anayekunywa lita mbili kwa siku hunywa lita 14 kwa juma. Mgonjwa wa figo, kwa siku mbili za juma, damu yake hukutana na lita 240. Tena maji tunayokunywa hupita tumboni kwanza, na tumbo lina ulinzi wake. Haya hukutana na damu, na kati yao mna ukuta mwembamba tu. Kwa hiyo mtu wa pampu na mtu wa kuchanganya dawa wasijidharau. Kazi yao iko karibu sana na damu ya mgonjwa.

MCHANGANYIKO WENYEWE

Vitu vinavyochanganywa ni vitatu.

Kwanza ni maji yaliyochujwa mara nyingi mpaka yakabaki karibu bila chumvi yoyote.

Pili ni dawa ya asidi, inayokuja katika mtungi ikiwa kali. Ndani yake mna chumvi ya kawaida, potasiamu, kalisiamu, magnesiamu, na asidi kidogo, mara nyingi ile ile iliyomo katika siki.

Tatu ni baikaboneti. Hii ni jamaa moja na soda ya kuokea mikate, ila imetengenezwa safi kwa kazi ya hospitali. Ya dukani haifai kamwe. Mahali pengine poda hukorogwa majini ndani ya mtungi, na mahali pengine hutumika kopo la poda kavu linalofungwa kwenye mtambo.

Kwa nini dawa hizi mbili hazitiwi katika mtungi mmoja? Kwa sababu kalisiamu ya dawa ya asidi ikikutana na baikaboneti, zote zikiwa kali, huganda zikawa chokaa. Ni ile chokaa mnayoiona imeshika ndani ya birika la zamani. Ndiyo sababu mtambo huzichanganya kidogo kidogo katika maji mengi, dakika ile ile ya kutumika.

Tena ziko dawa za asidi za namna mbalimbali. Nyingine hutengenezwa iwe sehemu 1 katika sehemu 35 za mchanganyiko, nyingine sehemu 1 katika 45. Mitungi yaweza kufanana kwa rangi na kwa ukubwa, na tofauti ikawa ni maandishi madogo ya kibandiko tu. Mtambo uliopangwa kwa namna moja ukipewa namna nyingine, mchanganyiko wote huharibika. Wanaopika sukari guru hapa kwetu watanielewa: sufuria ni moja na moto ni mmoja, lakini maji ya miwa yakiwa mepesi kuliko yalivyodhaniwa, hesabu yote ya jikoni imepotea.

ALAMU HUJUAJE?

Mama zetu waliopika mboga kwa munyu wa majivu walijua ukali wake kwa kuuonja. Mtambo hauna ulimi. Huonja kwa umeme. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Ukitia chumvi, umeme hupita, na chumvi ikizidi, umeme huzidi. Kipimo hicho mafundi hukiita kondaktiviti. Mchanganyiko mwema husoma karibu na milisimensi 14 kwa sentimita, kwa kawaida baina ya 13.5 na 14.5, kwa kadiri ya amri ya daktari.

Hesabu ikitoka nje ya mipaka, mtambo hufanya mambo mawili: hulia, na huyaepusha maji yasifike kwenye figo ya bandia, ukayamwaga kando kwenye mfereji wa maji machafu. Mambo haya mawili ni ulinzi wa mgonjwa. Mtu asidhani kwamba mtambo unamsumbua.

Ikiwa mchanganyiko ni mwepesi mno na ukafika kwenye damu, chembe nyekundu hunywa maji, huvimba na kupasuka kama maharagwe yaliyolowekwa kupita kiasi. Potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika, na moyo huhatarika. Ikiwa ni mkali mno, chembe hunyauka. Mgonjwa huona kiu kali, kichwa humuuma, damu hupanda, na aweza kupatwa na kifafa.

HATUA KWA HATUA

Kila mtambo una kitabu chake, nacho ndicho cha kufuatwa. Lakini mpango wa kutafuta sababu ni mmoja kwa mitambo yote, nao ni kuanza na kilicho chepesi na cha karibu kabla ya kufungua mtambo.

Jambo la kwanza ni kumtazama mgonjwa. Anapumua vizuri? Analalamika maumivu ya mgongo au kifua? Damu katika mpira ina rangi yake ya kawaida? Kisha hakikisha maji yanaepushwa kweli. Hapo waweza kuizima sauti ili usikie unachoambiwa, lakini kuizima sauti siyo kutengeneza.

Jambo la pili, soma hesabu. Je, iko chini au iko juu? Mtu asiyesoma hesabu hupoteza nusu saa akikagua upande usiokosa.

Jambo la tatu, tazama jirani. Mtambo mmoja unalia, au inalia yote? Ukilia mmoja, tafuta sababu kwenye mtambo huo na mitungi yake. Ikilia mingi kwa wakati mmoja, usifungue hata mmoja. Nenda kwenye kile kinachotumiwa na yote, yaani maji, au dawa iliyokorogwa asubuhi kwa pamoja, au shehena mpya ya mitungi.

Hesabu ikiwa chini, mara nyingi dawa haifiki. Fuata njia yake kwa mkono na kwa jicho:

1. Mtungi umekwisha? Usitazame kwa mbali, uinue.

2. Fimbo ya kunyonyea imefika chini, ndani ya dawa? Imefungwa barabara? Fimbo ya asidi imo katika asidi, na ya baikaboneti katika baikaboneti?

3. Mpira umekunjwa au umekaliwa na kiti? Unaona mapovu ya hewa yakipita? Mapovu yaonyesha kwamba mahali fulani kipete cha mpira kimepasuka, na badala ya dawa mtambo wanyonya upepo.

4. Chujio dogo la ncha ya fimbo limezibwa na poda isiyoyeyuka?

5. Kibandiko chasemaje? Ni namna ile ya 35 au ile ya 45? Tarehe imepita?

6. Baikaboneti ilikorogwaje? Mfuko wote ulitiwa? Maji yalifika kwenye alama au yalizidi? Ni ya leo au ya jana? Baikaboneti iliyokaa wazi, au iliyokorogwa kwa nguvu nyingi, hupoteza hewa yake ikabadilika. Ya jana imwagwe.

7. Kama ni kopo la poda kavu, limebaki tupu katikati?

Hesabu ikiwa juu, kwa kawaida maji ni machache au dawa ni kali mno:

1. Msukumo wa maji ukoje? Tangi limepungua? Vali ya ukutani imefungwa nusu? Chujio la kuingizia maji limejaa matope?

2. Baikaboneti ilitiwa maji pungufu?

3. Dawa ya asidi ni ya namna iliyo kali kuliko mpango wa mtambo?

4. Fimbo mbili zimebadilishana mahali?

Yote haya yakiwa sawa, leta mtungi mpya wa shehena nyingine ujaribu. Hesabu ikirudi, kosa lilikuwa dawani, na shehena ile yote iwekwe kando na kuandikwa. Isiporudi, mgonjwa ahamishiwe mtambo mwingine na fundi aitwe, kwa maana sasa huenda ni pampu ya dawa iliyochoka, au chokaa iliyoshika juu ya kipimo chenyewe. Chokaa hiyo huondolewa kwa kusafisha kwa asidi kama kitabu kinavyoamuru, na ni vizuri iondolewe kwa ratiba, bila kungoja alamu.

Baada ya kutengeneza, usimrudishe mgonjwa mara moja. Ngoja hesabu itulie. Chota maji kidogo yanayokwenda kwenye figo ya bandia, uyapime kwa kipimo cha mkononi, na kwa karatasi ya kupima ukali wa asidi, ambayo iwe baina ya 6.9 na 7.6. Hesabu mbili zikipatana, andika kitabuni, tia sahihi, ndipo umfunge mgonjwa. Dakika alizopotezewa zilipwe mwishoni.

Na ikiwa mchanganyiko mbaya umekwisha kumfikia, yaani mpira wa damu umekuwa mwekundu wa kung'aa kama mvinyo, au mgonjwa anashika kifua, simamisha pampu ya damu, funga mipira kwa vibanio, na usimrudishie damu iliyo ndani ya mipira, maana imejaa potasiamu. Mwite daktari upesi. Damu na maji ya wakati ule vihifadhiwe vipimwe.

KIMYA SIYO USHAHIDI

Sasa nataka niseme jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Alamu kuwa kimya hakuonyeshi kwamba maji ni mema.

Kuna mtu ambaye hesabu ikikaa chini, yeye huzungusha kipimo mpaka mtambo unyamaze. Huyo hakutengeneza kitu. Ameufundisha mtambo kusema uongo, na kesho mtambo huo utamwamini mwongo na kumkataa mkweli. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha mkononi: kinasimama mbali na mtambo, na mtambo hauwezi kukidanganya. Nacho kisahihishwe mara kwa mara kwa maji ya kupimia yenye hesabu inayojulikana.

Tena kondaktiviti huonja chumvi tu. Haionji klorini, haionji vijidudu, haionji sumu ya mimea. Mwezi wa Februari 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, maji ya bwawa lililoota mwani wenye sumu yaliletwa kwa lori kwenye kliniki ya figo bila kusafishwa inavyostahili. Sumu ile ilipita ikaingia katika damu ya wagonjwa. Zaidi ya watu 50 walikufa kwa ini kuharibika. Sumu ya namna ile haina chumvi ya kutosha kuamsha alamu ya mchanganyiko, hata mtambo uwe mzima namna gani.

Sisi hapa twaishi chini ya Mlima Elgon. Maji ya mito yetu, kama Kuywa, hushuka mekundu wakati wa masika, na maji yakichafuka watu wa maji hulazimika kuongeza dawa. Klorini yafaa sana kwa mtu wa kunywa, maana huua vijidudu. Lakini ikifika kwenye mtambo huu hupasua chembe za damu. Huzuiwa na chujio la makaa, na makaa huchoka. Kwa hiyo kabla ya kila zamu maji yaliyopita kwenye makaa yapimwe. Klorini yote isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Kipimo hiki ni kazi ya dakika chache tu. Wakati wa mvua kubwa mtu wa pampu na mtu wa mtambo na wazungumze kila asubuhi.

MADAI YETU

Ndugu wanachama, mambo niliyoyataja si magumu. Kijana aliyemaliza shule aweza kujifunza kuyafanya. Mbona basi hayafanywi kila mahali? Kwa sababu muuguzi mmoja hupewa mitambo mingi mno, kwa sababu karatasi za kupimia zimekwisha na barua ya kuzidai haijajibiwa, kwa sababu mgonjwa wa zamu ya pili anangoja ukumbini na nauli yake ya mwisho mfukoni, na kwa sababu anayesimamisha mtambo huulizwa, "Kwa nini umechelewesha kazi?", lakini anayebonyeza kitufe haulizwi neno.

Mwaka 2015 Serikali ilifanya mapatano na makampuni ya nje kukodi vyombo vya hospitali 98 nchini, mbili katika kila kaunti na nne za taifa, na mitambo ya figo ilikuwamo. Matengenezo yalikuwa juu ya makampuni, na muda uliopangwa mwanzoni ulikuwa miaka 7. Mitambo hiyo ilileta tiba karibu na watu, na hilo ni jema. Lakini funzo lake kwa wafanyakazi ni wazi: mkataba huja na kuisha, na fundi wa hapa nyumbani ndiye anayebaki na mtambo. Asipofundishwa na kupewa vipuri, siku moja mtambo utamlilia bila yeye kujua la kufanya.

Kwa hiyo nashauri tawi letu lipeleke madai haya kwa waajiri:

(a) Kila chumba cha kusafisha damu kiwe na kipimo cha mkononi kilichosahihishwa, karatasi za kupima asidi, na dawa ya kupima klorini. Visipokuwapo, zamu isianze.

(b) Kila mtungi wa dawa usomwe na watu wawili kabla ya kufungwa, nao watie sahihi kitabuni.

(c) Wachanganyaji wa dawa wafundishwe kazi kwa maandishi ya lugha wanayoijua, nao wapewe glavu, aproni na miwani ya kukinga macho. Dawa ya asidi ikiruka jichoni haichagui cheo cha mtu.

(d) Vipete, machujio na mipira ya akiba viwekwe karibu, visingojwe kutoka Nairobi.

(e) Yaandikwe katika mapatano yetu kwamba mfanyakazi anayesimamisha mtambo kwa sababu ya alamu, akaandika hesabu na saa, hana kosa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na yataka kamati ya usalama iundwe mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati hiyo, ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao, ndiyo mahali pa kuyapeleka madai haya. Lakini tusiitegemee sheria hiyo peke yake. Imetungwa zaidi kwa ajili ya usalama wa mfanyakazi, na sisi twataka mgonjwa pia alindwe. Ndiyo maana nasema yaandikwe katika mapatano.

MASWALI

Mama mmoja wa Luuya aliuliza: Mwanangu akiwa kitandani na mtambo ukalia, nifanye nini?

Jibu: Mama, usiguse kitufe chochote, wala usihofu. Mwite muuguzi. Mtambo ukilia namna hiyo maana yake umekwisha kuyaepusha maji, na hapo mwanao analindwa. Muulize muuguzi kwa adabu, "Hesabu ilikuwa ngapi, na sababu imekuwa nini?" Tena muulize kama dakika zilizopotea zitalipwa. Hizo ni haki zako.

Ndugu mmoja fundi aliuliza: Hesabu ikipungua kidogo tu, nisiweze kupandisha sodiamu kwenye mtambo ili kazi iendelee?

Jibu: Hapana. Sodiamu ni amri ya daktari kwa mgonjwa yule, kama vidonge. Ukiipandisha ili kuficha upungufu wa dawa, hukutengeneza sababu yenyewe. Hesabu itapendeza, na mchanganyiko waweza kuwa mbaya bado.

Mtu wa pampu aliuliza: Umeme ukikatika na kurudi, mitambo yote hulia pamoja. Je, yote imeharibika?

Jibu: Haijaharibika. Mtambo wa kuchuja maji umeanza upya na msukumo haujarudi. Tazama msukumo kwanza, acha maji yatulie, kisha ruhusu mtambo mmoja mmoja, kila mmoja ukipimwa kwa mkono. Wewe ndiwe unayepaswa kuwaambia wauguzi, "Sasa maji ni tayari." Wasibahatishe.

Kijana mmoja muuguzi aliuliza: Nikisimamisha mtambo na msimamizi akaniandikia barua ya kunifukuza, itakuwaje?

Jibu: Ndiyo sababu ya kuandika hesabu na saa. Kitabu kilichoandikwa wakati ule ule ni shahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kukufukuza kwa kosa, mwajiri lazima akueleze sababu na akusikilize, nawe una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mjumbe wa chama pamoja nawe. Usiende peke yako. Mwite mjumbe wa tawi, naye aje na kitabu.

Mwisho, ndugu zangu, madai yale matano yamekwisha kukabidhiwa kwa katibu wa tawi. Kila mwanachama wa hospitali na ayasome, aongeze lililosahauliwa na kazi yake, ayarudishe kwa katibu kabla ya mkutano ujao ili kamati iyapeleke yakiwa na sauti moja. Na wale wasio wa hospitali wayatie sahihi pia, maana figo haiulizi mtu ni wa kazi gani.

Harambee!